Punda wa Kitengela na Uso Wangu

Mama yangu alinikana Jumamosi moja asubuhi, mbele ya mke wa kaka yangu na kuku wake wote. Nilikuwa nimetoka Kitengela hadi Kajiado kumchukua nimrudishe kwangu. Nilimpikia uji mwenyewe, nikapiga magoti mbele ya kiti chake na kuinamisha kichwa anishike, kama sisi Wamaasai tunavyowasalimia wazazi wetu hata tukiwa na mvi. Akanishika kichwa. Mikono ikashuka kwenye paji la uso, ikapita mashavuni polepole, ikafika kwenye mikono yangu na kuigeuza juu chini. Halafu akaiachilia.

"Huyu ni mwanamke mzee," akasema. "Mtoto wangu yuko wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania, kwa sababu mama alikuwa na mdomo. "Ni mimi, Yeyo," nikamwambia, kama tunavyowaita mama zetu. Akageuza uso upande wa mke wa kaka yangu na kumwomba, kwa adabu sana, amtoe mgeni huyu anayejifanya mtoto wa watu. Uji hakuugusa.

Mama alikuwa kipofu. Trakoma ilianza kumla macho sisi tukiwa wadogo, na kufikia miaka ya tisini alikuwa haoni hata jua. Akili nayo ilikuwa imeanza kutangatanga. Angeweza kukuuliza habari za mbuzi aliyechinjwa kabla ya Uhuru. Lakini kwa mambo ya ngozi, wee, hakuna aliyemdanganya. Ujana wake wote alikwangua ngozi za ndama na kondoo, akazipaka mafuta, akazifikicha mpaka zikalainika za kuvaliwa. Akikupapasa shavu alikujua wewe ni nani, umekula nini, na kama umelala vizuri. Sauti hakuziamini. Alisema sauti mtu yeyote anaweza kuiga.

Na kusema kweli, ngozi aliyoshika siku hiyo haikuwa ile aliyoiacha. Alikuwa ameishi nami Kitengela miaka mingi, mpaka madaktari wa Nairobi walipokuta uvimbe kwenye mfuko wangu wa uzazi. Walitoa mfuko, wakatoa na vifuko vya mayai, wakanishona. Kidonda kikakataa kupona, kwa hivyo mama akapelekwa kwa kaka yangu Kajiado kwa miezi kadhaa mpaka nipate nguvu. Wanawake wengine hedhi hukoma polepole, kama koroboi inayoishiwa mafuta. Mimi nilizimwa swichi. Ghafla nikawa natokwa na jasho kwenye ofisi ya walimu mwezi wa Julai, wenzangu wamejikunyata kwenye masweta, mimi najipepea na karatasi za mtihani. Ngozi ikakauka, ikawa nyembamba, ikakunjamana. Nikijikuna mkono, mistari inabaki imechoreka. Na ule upepo wa Kitengela uliobeba vumbi la barabara ya Namanga ukamalizia kazi.

Mzee wangu, yaani mume wangu, hakunisaidia. Alikuwa ofisa wa mifugo aliyestaafu, na kila jambo duniani alilipima kwa ng'ombe.

"Hiyo ni kawaida," aliniambia. "Hata ng'ombe akizeeka ngozi inakuwa ngumu."

"Na ng'ombe akizeeka anapelekwa wapi?"

"Sokoni," akajibu kabla hajafikiria. Wiki hiyo alijipikia.

Uzuri ningeuacha uende. Haki ya Mungu ningeuacha. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, si msichana wa kutangaza sabuni. Kilichoniuma ni kwamba mama alikataa kutoka Kajiado, na akaanza kukataa chakula. Alikunywa chai ya maziwa tu, kidogo, na kusema atakula mtoto wake akija. Kila Jumamosi nilikuja. Kila Jumamosi alinipapasa, akanishukuru kwa kumtembelea kikongwe asiye mama yangu, akanibariki, kisha akaniambia, "Sasa nenda ukamlishe mama yako. Si naye ana njaa?"

Ilinikata maini. Nililia njiani kama mtoto aliyenyimwa.

Hivyo ndivyo nilivyorudi kwa daktari, na mzee wangu akasisitiza kunisindikiza. Daktari mwenyewe alikuwa kijana, uso wake laini hauna hata alama ya usiku mmoja mbaya, nikamchukia kidogo kwa hilo. Lakini alieleza vizuri. Alisema homoni zilizokuwa zikitengenezwa na vile vifuko vya mayai zilikuwa na kazi nyingi, na moja ilikuwa kuuhimiza mwili utengeneze kolajeni. Nikamuuliza kolajeni ni mdudu gani. Akatazama shanga zangu, akawaza, akaniuliza kama nimewahi kujenga nyumba ya udongo.

"Nimejenga," nikamwambia. "Wewe je?"

"Basi kolajeni ndiyo fito," akasema. "Udongo unaonekana, lakini fito ndizo zinashikilia. Homoni zikikatika, fito zinapungua kila mwaka, na miaka ya kwanza ndiyo mibaya zaidi."

Alisema kuna vidonge vya kurudisha homoni. Vingeondoa lile joto, vingelinda mifupa, na kwa wanawake wengi ngozi hupata unene na unyevu kidogo. Si kurudi usichana, akaniangalia kwa ukali, na si dawa ya kupewa mtu kwa ajili ya sura. Ni lazima nipimwe matiti na presha kwanza, na niwe narudi. Mimi niliposikia neno unene wa ngozi sikusikia tena lingine. Nilikuwa nawaza mikono ya mama.

Mzee wangu alikuwa anawaza mengine. "Daktari, hivyo vidonge vinatengenezwa na nini?"

Daktari akacheka. "Mzee, hii aina ninayomwandikia inatokana na mkojo wa farasi. Farasi jike mwenye mimba."

Ningejua, ningemziba daktari mdomo kwa mkono wangu. Mzee wangu alishika kiti kwa mikono miwili kama aliyepandishwa cheo. Miaka yote ya ndoa yetu, hatimaye ugonjwa wangu ulikuwa umeingia kwenye idara yake.

Jioni hiyohiyo akaenda kula nyama choma na wenzake, na kabla mbavu hazijaiva kila mwanamume wa Kitengela alikuwa anajua mke wa nani anakunywa nini. Wanaume wakapeleka nyumbani. Jumatatu mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama alikuwa mlangoni kwangu.

Mwenyekiti alikuwa mke wa dalali wa ploti. Mumewe aliuza mashamba ya Wamaasai kwa watu wa Nairobi, na yeye aliuza habari bure. Aliingia na wenzake wawili, akakaa, akanitazama usoni muda mrefu.

"Mwalimu, tumesikia."

Nikawaeleza yote. Nikawaambia ni vidonge, vinatoka kiwandani, vimesafishwa, vimepimwa, anayevitaka aende kwa daktari apimwe kama mimi. Walitabasamu kama watu wanaoongea na jirani aliyechimba kisima na anakataa kusema. Mwenyekiti akauliza kama ni lazima awe farasi.

"Kwani mmeona farasi wapi kutoka hapa mpaka Namanga?"

"Ndiyo maana nauliza," akasema. "Punda si ni ndugu yake?"

Nikadhani ni mzaha. Ai! Mimi naye, miaka yote niliyoishi pale sikuwa nimeijua Kitengela.

Wakati huo hatukuwa na maji ya bomba. Maji tuliletewa na punda, wanavuta mikokoteni yenye mapipa kutoka visimani, wanatandikwa mijeledi kutwa nzima, hakuna anayewaonea huruma. Ndani ya mwezi mmoja, punda jike mwenye tumbo lililoshuka alikuwa anapishwa njia kama mke wa mbunge. Niliona kwa macho yangu mama mmoja wa kwaya, na gauni lake la maua, akimfuata punda nyuma kutoka kwenye kituo cha mafuta mpaka kwenye mabucha, mkebe mkononi, anamwambia "pole, mama, pole." Wauza maji wakapata biashara mpya. Mmoja alijaza chupa za soda kutoka kwa punda wake mwenyewe na kuapa ana mimba ya miezi mingi. Punda huyo alikuwa dume. Mtu yeyote aliyetembea nyuma yake angeweza kuthibitisha, lakini akina mama walikuwa wanatazama chupa.

Hata Wasomali waliokuwa na duka la nguo karibu na stendi waliulizwa kama mkojo wa ngamia ungekuwa na nguvu zaidi. Mwenye duka, mzee wa heshima zake, alimwambia mteja anunue leso aende nyumbani.

Ule wa punda waliuchanganya na mafuta ya mgando na ndimu kidogo. Wengine walipaka wakienda kulala, na wenye haraka walipaka asubuhi na kushinda nao. Mkutano wa chama ukawa unafanyika madirisha wazi hata mvua ikinyesha. Na ile sifa! "Umeng'ara, mama nanii!" "Wacha wewe, na wewe je, umekuwa mlaini!" Hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba anasikia harufu, kwa sababu angekuwa anajisema mwenyewe. Nzi ndio waliokuwa wakweli. Mimi nilikaa karibu na mlango, na nilipoambiwa natoa pua nje kwa dharau, nikasema nina mafua.

Nyumbani nilikunywa vidonge vyangu kila asubuhi na chai. Joto ndilo lililotangulia kuondoka. Usingizi ukarudi. Ngozi ilichukua muda wake, miezi kwa miezi, mpaka nikaanza kukata tamaa. Kisha siku moja nikasugua sufuria na mikono haikupasuka. Nikajishika shavu nikiwa peke yangu, macho nimeyafumba, nikajaribu kulisoma kama mama. Sikuweza kujua. Kwa kuogopa kukataliwa tena, miezi ile nilikuwa nikienda Kajiado nakaa mbali naye chumbani, nasaidia kufua, sisemi kitu. Mke wa kaka yangu aliniambia mama amekonda mpaka pete za masikio zinamlemea.

Chama kiliposikia mama ya mwalimu anaugua, kikaamua kuja kumwona. Desturi ni desturi. Walikuja na sukari, unga na majani ya chai, wamevaa leso zinazofanana, nyuso zimepakwa na kupakwa tena kwa ajili ya safari. Mzee wangu naye akaja. Tukajazana kwenye sebule ya kaka yangu, mlango ukafungwa kwa sababu ya vumbi, mwenyekiti akasimama kutoa hotuba.

Hakufika mbali. Mama aliinua kichwa, akanusa kushoto, akanusa kulia.

"Nani ameingiza punda ndani?"

Mke wa kaka yangu akasema, "Hakuna punda, Yeyo. Ni wageni."

"Basi wageni wamekuja na punda. Mtoeni kabla hajakojoa kwenye mkeka."

Mzee wangu akakohoa, akasema anaenda kuwatazama mbuzi. Nilimsikia nje akishikilia ukuta kwa kicheko. Ningemfuata, lakini mwenyekiti, mwanamke jasiri, hilo nakubali, alijikaza akapiga magoti mbele ya mama kumsalimia. Mama akamshika uso. Akapapasa, akasita, akanusa vidole vyake, akarudi kupapasa mpaka masikioni.

"Ni punda kweli," akawatangazia. "Lakini amevaa hereni."

Sitasema sikucheka. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, na akina mama wengine wakaangalia dari kana kwamba wamealikwa kuikagua. Mwenyekiti aliinuka na hotuba yake akakaa nayo. Mama alikuwa anajifuta vidole kwenye shuka kwa hasira, nikachukua beseni la maji nikaenda kumnawisha, bila kufikiria, kwa mazoea tu. Nilipomshika mikono chini ya maji, mikono yake ikaacha kupapatika. Ikageuza yangu juu chini. Ikapanda, majimaji hivyo hivyo, mpaka mashavuni.

Nikamwachia uso wangu.

"Mbona umekawia?" mama akaniuliza.

Nikasogeza beseni kando.

"Nimekaa hapa na njaa, watu wananiletea wanawake wazee kila wiki, na wewe unatembea tu. Hawa punda ni wako?"

"Ndiyo, Yeyo," nikasema. "Ni wangu."

"Watoe nje. Kisha unipe chakula."

Alikula mpaka mke wa kaka yangu akaogopa. Jioni ile nikamrudisha Kitengela. Chupa za soda zikatoweka mjini wiki hiyohiyo, hakuna aliyewahi kuzitumia wala kumjua aliyezitumia, na mijeledi ikarudi kwenye migongo ya punda. Mwenyekiti hakunisalimia mpaka mumewe alipotaka kutuuzia ploti.

Nilimweleza daktari. Alicheka, kisha akafanya uso wa daktari. Alisema ngozi yangu imeboreka, hilo anakubali, lakini mikono ya kikongwe haiwezi kupima kolajeni. Huenda ilikuwa sabuni, au yale maji, au siku nzuri ya akili yake. Nikamwambia hamjui mama yangu. Kila asubuhi baada ya hapo mama alinipapasa kabla hajafungua mdomo, kama askari wa mpakani Namanga anayekagua kitambulisho, na kila asubuhi nilipita.

Miaka ikaenda hivyo. Kitengela ikajaa kuta za mawe na geti za chuma, nyumbu waliokuwa wakipita nyuma ya shule wakakosa njia, simu za mkononi zikaja na mzee wangu akapata namna mpya ya kutangaza mambo ya nyumbani. Kisha magazeti yakaanza kuandika kuhusu vidonge vya homoni. Saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi, moyo. Daktari akaniita. Hakuwa kijana tena sana. Akasema mambo hayako sawa kwa kila mwanamke, lakini mimi nimevinywa muda mrefu, presha yangu imepanda, na kwa maoni yake tupunguze polepole tuache.

"Daktari, mama yangu anakula," nikamwambia.

"Najua."

"Hujui. Ukinitoa hivi vidonge unamtoa yeye mezani."

Akafunga faili langu. "Na wewe ukianguka na kiharusi, ni nani atamshikia kijiko?"

Nilimchukia mara ya pili, na mara hii zaidi, kwa sababu alikuwa sawa. Nilitoka pale nimefunga mlango kwa nguvu ambayo haikuhitajika.

Tukapunguza. Tukapunguza tena. Tukaacha. Mzee wangu alijitahidi, maskini. Alisema yeye ananipenda vilevile, na akakumbuka kutotaja ng'ombe. Lakini sikuwa namwogopa yeye. Nilijipaka mafuta ya nazi, mafuta ya kondoo, losheni za kila rangi ya chupa, nikalala nimevaa soksi mikononi. Mimi niliyewacheka akina mama wa mikebe! Kama ungeniambia kuna punda Loitokitok mwenye kutibu, ningeuliza gari linaondoka saa ngapi. Fito zilikuwa zinaondoka na nilikuwa nazisikia zikiondoka. Kidevu kikalegea. Ngozi ya mikono ikarudi kuwa karatasi.

Na kila asubuhi mama alinipapasa. Hakusema kitu. Alichukua muda mrefu zaidi, hiyo tu, halafu akala. Mimi nilikuwa naitazama ile mikono, nikisubiri neno nililolijua.

Lilikuja asubuhi ya baridi, mwezi wa Julai. Nilikuwa nimepiga magoti, uji kwenye bakuli, kijiko tayari. Mikono yake ilifika mashavuni ikasimama. Ikarudi juu kwenye paji la uso, ikafuata mikunjo mmoja baada ya mwingine, ikashuka shingoni palipolegea, ikashika mikono yangu na kuigeuza juu chini. Nikafumba macho.

"Umezeeka," mama akasema.

Nilikuwa tayari kusikia kwamba niende nikamlishe mama yangu.

"Umezeeka, enkerai ai. Mtoto wangu amezeeka. Nimekuwa nikikusikia siku nyingi, kila asubuhi kidogo, kila asubuhi kidogo, nikasema labda ni mikono yangu." Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama mtoto. "Nani amekufanyia hivi?"

Nikalia. Nililia palepale nimepiga magoti, kwa sauti, mpaka mzee wangu akaja mlangoni na mswaki mdomoni. Mama aliningoja kidogo. Kisha akafungua mdomo, akaona hakuna kinachoingia, akaufunga.

"Wacha kelele," akasema. "Uji unapoa."